Shahada ya Uandishi na Deni la Wakulima wa Karagwe

Waandishi wa habari wengi siku hizi wanarudi darasani kutafuta shahada ya uzamili. Wako walio Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari, ile iliyoanza mwaka 1975 ikiwa chuo cha peke yake na kuunganishwa na Chuo Kikuu mwaka 2003. Wako pia walio Nyegezi, Mwanza, mahali ambapo Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo mwaka 1960, nacho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Baadhi yao, wakifika wakati wa kufanya utafiti, huchagua kwenda Kagera, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa huko wapo wakulima wengi na redio ya jamii, FADECO, inayosema nao. Leo tunataka kuuliza wakulima hao wanapata nini.

Kwanza tuwajibu wale wasemao kwamba mwandishi huzaliwa na uandishi wake. Neno hili aghalabu husemwa na watu wasiopenda kusoma. Kanuni za mwaka 2017, zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, zilidai kila mwandishi awe na stashahada walau, na mwisho wa mwaka 2021 ukawekwa kuwa kikomo kwa wasio nayo. Uzamili haudaiwi na kanuni hizo. Anayeutafuta anautafuta kwa hiari yake, mara nyingi akiwa na watoto nyumbani, na kwa hilo anastahili heshima. Nchi hii imepata kuona faida ya wahariri waliosoma. Benjamin Mkapa alipokabidhiwa uhariri wa The Nationalist na Uhuru mwaka 1966, alikuwa amekwisha kupita Makerere na kupata uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwalimu Nyerere naye alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake ya M.A., na miaka michache baadaye akawa mwandishi wa Sauti ya TANU. Mwaka 1958 mahakama ilimtoza faini ya shilingi 3,000 kwa maneno yaliyochapwa humo.

Lakini usomi peke yake si kinga. Watu wa Karagwe na Kyerwa hawana haja ya kufundishwa jambo hili, maana Mto Kagera ndio mpaka wao na Rwanda. Mwaka 1994 mto huo ulichukua maiti hadi Ziwa Victoria, na wakimbizi wakavuka kuja kupiga kambi Karagwe. Mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji yale, alikuwa Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu mwenye udaktari kutoka Paris. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na katika rufaa ya mwaka 2007 kifungo chake cha maisha kikapunguzwa kuwa miaka 30.

Kwa hiyo basi, shahada ya mwandishi tuipime kwa maswali aliyouliza na kwa watu aliowarudishia majibu. Tumtazame mwanafunzi anapofika Kayanga. Mkononi ana barua ya chuo. Anaipeleka wilayani, anapewa nyingine ya kwenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na siku mbili tatu zimekwisha. Hojaji yake ameiandika kwa Kiingereza, maana ndivyo chuo kinavyotaka. Anaitafsiri kwa Kiswahili usiku katika nyumba ya wageni. Akifika kwa mzee asiyezoea Kiswahili, kijana wa kijijini anaigeuza tena kwa Kinyambo. Jibu nalo linarudi kwa njia ile ile. Anayeuliza habari za "upatikanaji wa taarifa" kwa mtindo huu asishangae akijibiwa kwa adabu tu, ili amalize aende zake.

Na maswali ya kuuliza yapo tele! Mathalani butura. Msomaji aliye mbali na Kagera huenda hajui neno hili. Mkulima mwenye shida ya ada au ya ugonjwa humwuzia mchuuzi kahawa ingali maua mtini, kwa bei anayoitaja mchuuzi; msimu ukifika, mavuno si yake tena. Serikali imeikataza biashara hii mara nyingi, na mwaka 2018 iliamuru kahawa ipitie vyama vya ushirika, ambavyo kwa Karagwe na Kyerwa vimo chini ya KDCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1990. Je, mkulima anayeuza maua hujua bei ya ushirika kabla ya kupeana mkono na mchuuzi? Kama anaijua, aliisikia wapi? Kyerwa inapakana na Uganda, na Kinyambo kinakaribiana sana na Kinyankole. Redio ya upande wa pili ikishika, bei ya huko huingia sikioni bila mkalimani. Sisi tunashuku kwamba wakulima wengi wanaijua bei vizuri sana, nao hukubali hasara kwa sababu mtoto aliyefukuzwa shule hawezi kungoja msimu. Tushuku tusishuku, hilo lahitaji mtu wa kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Likithibitika, basi matangazo ya kukataza butura ni kumpigia kelele mtu asiye na njia nyingine, na kinachotakiwa ni mkopo wa ushirika kabla ya mavuno.

Au tuchukue mnyauko wa migomba, uliothibitika Kagera mwaka 2006. Ugonjwa huu hauna dawa ya kupulizia. Mkulima hukata ua dume kwa kijiti chenye panda, huchoma panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na mgomba ulioambukizwa huung'oa. Redio yaweza kuyasema hayo yote kwa dakika mbili. Lakini mama yuko shambani na panga, na redio anayo baba, nyumbani au kilabuni. Saa gani, basi, maneno hayo yasemwe ili mama ayasikie? Swali hili ni dogo, lakini lina ndizi za nyumba nzima ndani yake.

Sasa tufike kwenye deni lenyewe. Tasnifu ikimalizika huandikwa kwa Kiingereza, hujalidiwa, na kuwekwa katika maktaba ya chuo. Mama yule aliyeacha jembe saa nzima kujibu maswali hataiona, na hata akiiona hataweza kuisoma. Si lazima iwe hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wako wanaoandika tasnifu za isimu na fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, hadi za udaktari, na watahini wanazisoma. Itakuwaje basi mwandishi wa habari, ambaye kesho atasema na umma kwa Kiswahili, azuiwe kuonyesha usomi wake kwa lugha hiyo? Tunajua jibu la walimu: kazi isomwe na ulimwengu. Vema, na isomwe. Lakini zikiongezwa kurasa kumi za Kiswahili safi, zenye majibu ya wakulima na hesabu zilizopatikana, ulimwengu hautapungukiwa na kitu.

Tunaviomba vyuo vidai kurasa hizo kabla ya mwanafunzi kuvishwa joho, na nakala zipelekwe kwa mtendaji wa kila kijiji kilichohojiwa, na kwa redio ya wilaya izisome hewani. Mwanafunzi mwenye nafasi na arudi mwenyewe. Msimu wa kahawa Kagera hufunguliwa mwezi wa Mei. Wakati huo wakulima huja na magunia yao katika vyama vya msingi, na kungoja zamu ya mizani huchukua muda mrefu.