ELIMU YA JUU NA WENZETU WALEMAVU



Wako watu wengi hapa Kawempe wanaodhani ya kuwa kipofu au kiwete akimaliza shule hana kazi ila kusuka vikapu. Nataka kueleza kwa nini fikira hiyo si sawa, na njia iliyopo ni ipi.

Kazi ya jembe au ya kubeba mizigo humtaka mtu miguu na macho. Kazi ya ualimu, ya sheria na ya hesabu hutaka kichwa. Kwa hiyo mlemavu ana haja ya masomo ya juu kuliko sisi wengine. Bwana Alex Ndeezi ni kiziwi, lakini aliingia Bungeni mwaka 1996. Katika nyumba hiyo ya maneno alisema kwa mikono, na mkalimani akawaeleza wenziwe.

Kilima cha Makerere kimo katika Divisheni yetu hii ya Kawempe. Kila mwaka nafasi 64 katika vyuo vikuu vya Serikali huwekwa kwa ajili ya walemavu, nao hulipiwa na Serikali. Msingi wake ni Katiba ya mwaka 1995. Mwombaji hasamehewi mtihani: ni lazima afaulu masomo makuu mawili katika kidato cha sita, kisha apeleke maombi yake ya pekee. Asiyepata nafasi asikate tamaa, maana tangu mwaka 2014 iko Bodi ya Serikali ya mikopo, na mkopo wake waweza kulipia hata vyombo vya kumsaidia mlemavu.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha sita hutembea kwa magongo. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia kuwa ada ya mwaka huu ndiyo ya mwisho. Tulipomweleza mzee habari za nafasi hizo, alikuwa hajazisikia kamwe. Sasa amekubali mwanawe aombe. Ni wangapi walioacha shule kwa kukosa habari tu?

Basi, ndugu zangu, mpelekeeni habari hii kila mzazi anayehusika. Nanyi mliotutangulia, wenye ofisi na maduka, Sheria ya mwaka 2020 yakataza kumbagua mlemavu kazini. Lakini sheria haiwezi kuondoa ngazi mlangoni penu. Kazi hiyo ni yenu, na wenye shahada watakuja kubisha hodi.