Nyangumi Mtwara: Pesa ya korosho ikianza kuingia, wao wanaanza kuondoka

Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Mwezi huohuo, kwenye bahari ya Mtwara, nyangumi wa mwisho wa msimu wanapita kurejea kusini. Kwa familia ya Masasi au Newala inayotaka kwenda kuwaona, nafasi ni ndogo: malipo yanaanza kuingia na wanyama wanaanza kuondoka.

Haya ndiyo ya kujua kabla ya kupanda boti.

Wanatoka wapi?

Hawa ni nyangumi wa nundu. Mkubwa hufika urefu wa mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi. Chakula chao kipo kwenye bahari ya baridi karibu na Antaktika. Kule kukiwa na baridi kali, huja maji ya joto ya Afrika Mashariki kupandana na kuzaa. Mtwara huonekana kuanzia Julai hadi Oktoba, wengine hadi mwanzoni mwa Novemba.

Wakiwa huku wakubwa karibu hawali kabisa. Wanaishi kwa mafuta waliyoyahifadhi mwilini. Mama anayenyonyesha ndiye anayebeba mzigo mkubwa, na kila akikimbizwa na boti anachoma akiba anayoihitaji kwa safari ya kurudi.

Kwa nini Oktoba?

Agosti na Septemba nyangumi ni wengi, ila kusi bado linavuma. Boti ndogo hurushwa na mawimbi, watu hulowa na kutapika, na ni vigumu kumwona mnyama kwenye povu. Kuelekea Oktoba upepo hupungua na bahari hutulia. Wanaobaki nyuma mara nyingi ni mama na watoto wao, kwa sababu mtoto anahitaji muda wa kupata nguvu.

Kwa hiyo Oktoba ni mwezi mzuri wa kuona, na pia mwezi wa kuwa na adabu zaidi.

Pa kwenda

Sehemu yenyewe ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ni ya pili nchini baada ya Mafia ya mwaka 1995. Msimbati na Ruvula zimo ndani yake. Upande wa Ruvula bahari inakuwa na kina kirefu karibu kabisa na ufukwe, ndiyo maana nyangumi hupita jirani na nchi kavu.

Wa Masasi hushuka kwa lami kupitia Ndanda na Mnazi Mmoja. Wa Newala hupitia Tandahimba na Nanyamba. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala ukatazama bonde la Ruvuma, maji unayoyaona chini yanaishia ndani ya hifadhi hii, kwenye mikoko.

Tahadhari moja: mdomo wa mto ni mpaka na Msumbiji, ambako mashambulizi ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017. Usielekee huko bila kuuliza ofisi ya hifadhi na vyombo vya usalama. Kiingilio pia lipia ofisini, na dai risiti.

Kabla ya kupanda boti

- Hakikisha kila mtu ana jaketi la kujiokolea, na la mtoto liwe saizi yake. Kama hayatoshi, msipande.
- Angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) usiku wa kuamkia safari.
- Ondokeni alfajiri. Mara nyingi upepo huongezeka mchana.
- Uliza boti imesajiliwa, inabeba watu wangapi na kama kuna mafuta ya akiba.
- Patana mapema kuhusu pesa ikitokea bahari imechafuka. Nahodha akisema "leo hatutoki", msimlazimishe kwa sababu mmetoka mbali.

Mkimwona

Kitu cha kwanza kuonekana huwa ni mvuke anaoupuliza akipumua. Mwambie nahodha apunguze mwendo na akae pembeni yake. Msimfuate kwa nyuma wala kumkatia njia.

Sheria za umbali hutofautiana kati ya nchi na nchi. Miongozo ya Australia, kwa mfano, inataka boti ikae mita 100 kutoka kwa nyangumi mkubwa, na mita 300 akiwepo mtoto. Hizo mita 100 ni urefu wa uwanja wa mpira. Boti ikae hapo, na yeye akitaka kusogea atasogea mwenyewe.

Usiingie kati ya mama na mtoto hata kwa ajili ya video. Mkia mmoja unatosha kupindua boti ya watu kumi. Na mtoto akitenganishwa na mama yake, hana mwingine wa kumnyonyesha.

Umechelewa?

Malipo ya mnada yakikukuta Novemba, bado safari ipo. Pomboo huonekana mwaka mzima. Maji yakipwa, kwenye fungu za mchanga kuna ndege waliohama kutoka kaskazini mwa dunia, na kwenye ghuba kuna kasa. Kasa analindwa na sheria: kumvua, kumla au kuchukua mayai yake ni kosa, hata mkikaribishwa kama kitoweo cha wageni.

Nyangumi wenyewe wasubiri Julai. Kama unawataka wao hasa, weka pembeni nauli na pesa ya boti kutoka kwenye malipo ya msimu huu, kabla hazijaisha kwenye ada na pembejeo.