Harufu inayomwita Scania kwenye kihenge chako

KILA mfugaji wa mbuzi wa Chamwino au Mpwapwa anajua kuwa beberu hunuka. Wasichojua wengi ni kwamba harufu ile ina kazi. Mbuzi majike wakitengwa na madume kwa wiki kadhaa, kisha wakaletewa beberu ghafla, wengi wao hushika joto ndani ya siku chache na karibu kwa pamoja. Mfugaji anayeijua siri hiyo hupata watoto wa rika moja, na akifika mnadani huwa na kundi la kuuza, si mbuzi mmoja mmoja. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitangaza kuwa wametambua kemikali inayotoka kwenye nywele za kichwa cha beberu na kuamsha ubongo wa jike.

Harufu ya namna hiyo, ambayo kiumbe huitoa ili mwenzake wa aina moja afanye jambo fulani, wataalamu huiita feromoni. Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1959, mwaka uleule ambao mkemia wa Ujerumani, Adolf Butenandt, alitangaza kuitambua feromoni ya nondo wa hariri. Ilimbidi akusanye nondo majike karibu nusu milioni ili apate kiasi kidogo tu cha kupima.

Kwa mkulima wa Dodoma, hata hivyo, feromoni inayogusa mfuko wake kuliko zote ni ya mdudu mwenye urefu wa milimita tatu hadi nne na nusu. Huyo ni dumuzi, ambaye wengi humwita Scania.

Dumuzi si mwenyeji wetu. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, na aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Taarifa za kwanza zilitoka Tabora, na mwaka 1981 zilichapishwa rasmi. Miaka michache baadaye alikuwa ameshavuka mpaka na kuonekana Taveta, Kenya. Kuhusu jina la Scania, kila kijiji kina maelezo yake, lakini aliyewahi kufungua kihenge Februari akakuta magunzi na unga mtupu haitaji kuelezwa.

Kumtambua si vigumu. Fukusi wa kawaida ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi ni mfano wa kipande kifupi cha bomba, rangi ya kahawia iliyokolea, kichwa kimeinamia chini hata ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma amekatika wima kama aliyekatwa kwa kisu. Tena huacha unga mwingi. Ukiona unga mweupe umejaa chini ya gunia lako, usisubiri kumwona mdudu mwenyewe.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo wakulima wengi hulielewa kinyume. Tunadhani dumuzi huja kwa sababu amesikia harufu ya mahindi kutoka mbali. Utafiti uliofanywa hauungi mkono dhana hiyo. Dume la kwanza huruka likatua kwenye mahindi karibu kwa kubahatisha tu. Likishatoboa punje na kuona kuwa chakula kipo, linaanza kutoa feromoni. Harufu hiyo husafiri na upepo, na dumuzi wanaoruka jirani, majike na madume pia, huifuata mpaka ilipotoka. Kwa hiyo anayeita kundi ni mdudu mmoja aliyetangulia. Jike likimfikia, dume hilo hupunguza kuita. Lakini kufikia hapo wengine wameshafika, nao wana la kusema.

Ndiyo maana nyumba mbili zilizopakana zinaweza kuvuna siku moja, zikahifadhi namna moja, na ikifika Novemba moja imeliwa vibaya na nyingine ina nafuu. Majirani huanza kutazamana kwa jicho baya. Pengine tofauti ni dume moja lililotua upande huu badala ya ule.

Hesabu yake ni chungu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mavuno huingia kuanzia Mei. Bei huwa chini wakati huo kwa sababu kila mtu anauza, na hupanda kuanzia Desemba hadi Machi vihenge vinapokauka. Anayetaka faida ni lazima asubiri miezi sita au saba. Katika vipimo vya mwanzo vilivyofanyika Tabora, baadhi ya maghala ya wakulima yalipoteza hadi theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Si wote waliofikia kiwango hicho, wastani ulikuwa chini sana ya hapo, lakini hakuna mwenye hakika kuwa hatakuwa yeye. Chukua mfano wa mkulima wa Kongwa mwenye gunia 20 za kilo 100. Theluthi ikiondoka, amepoteza zaidi ya gunia sita, na zile zinazobaki zina punje zenye matundu ambazo dalali wa Kibaigwa atazishusha bei au atazikataa. Hofu hiyo ndiyo humfanya auze Juni kwa bei ya Juni. Soko la kimataifa la mahindi la Kibaigwa limekuwepo tangu mwaka 2004, na magari yanapita barabarani hapo usiku na mchana, lakini soko zuri halimsaidii mtu aliyelazimika kuuza mapema kwa kumwogopa mdudu.

Mtama na uwele, mazao ambayo babu zetu hawakuyachagua kwa bahati mbaya, dumuzi hastawi kwayo kama anavyostawi kwa mahindi na makopa ya muhogo. Hilo nalo lingefaa kukumbukwa kila tunapopanua shamba la mahindi kwenye ardhi yenye mvua ya kubabaisha.

Katika miaka ya 1980 wanasayansi walifanikiwa kuichambua harufu ya dume la dumuzi. Waligundua kemikali mbili, wakazitengeneza maabara. Kipande kidogo cha plastiki kilicholoweshwa kemikali hizo huwekwa ndani ya mtego, na dumuzi huja wakidhani ndugu yao amepata chakula. Mitego hiyo imetumika kufuatilia wapi mdudu amefika na miezi ipi anaruka kwa wingi. Imewanasa hata maporini, mbali na maghala, kwa kuwa dumuzi huweza kuishi kwenye miti mikavu. Kwa maneno mengine, hata tukisafisha kila kihenge cha mkoa huu, pori litaturudishia.

Baadhi ya wafanyabiashara wa pembejeo huwaeleza wakulima kuwa mtego wa harufu utamaliza tatizo. Si kweli. Mtego unanasa wachache kati ya wengi. Ukiutundika ndani ya ghala au mlangoni, utakuwa umewaita dumuzi wa kitongoji kizima waje kwako, na si wote watakaoingia mtegoni. Mahali pake ni nje, mbali na mahindi, umbali wa mita mia moja hivi, na kazi yake ni kukuambia kuwa wameanza kuruka ili ukakague gunia zako.

Kuna mdudu mwingine aliyeifaidi siri hiyo kabla ya wanasayansi. Huko Amerika ya Kati yupo mbawakawa mdogo mweusi anayekula mayai na viluwiluwi vya dumuzi, naye humtafuta kwa kunusa feromoni yake. Aliletwa Afrika kwa makusudi, akaachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Sehemu za pwani ya Togo na Benin dumuzi walipungua. Kwingineko, hasa penye ukame, matokeo hayakuwa ya kujivunia. Mwenye kuhifadhi mahindi Dodoma asimtegemee.

Kinachosaidia kinajulikana. Dumuzi hupenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi kwa sababu hapo punje zimeshikana na hupata pa kujiegemeza anapotoboa. Pukuchua, peta, kausha vizuri. Choma masalia ya mwaka jana, na kagua nguzo za kihenge, maana humo hujificha. Ukitumia dawa ya unga, hakikisha ni ile yenye viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, na fuata kipimo cha kwenye pakiti. Mifuko isiyopitisha hewa nayo inafanya kazi bila dawa, kwa kuwa wadudu waliomo humaliza hewa wakafa, na mdudu aliyekufa haiti mwenzake. Ila mahindi yawe makavu kwelikweli, na mfuko ukitoboka ni gunia la kawaida tu.

Wafuga nyuki wa Manyoni na Kondoa wana mfano wao, nao niutaje kwa kifupi. Nyuki akichoma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaambia wenzake wachome palepale. Moshi huifunika. Aliyechomwa mara moja mzingani asisimame kujikuna.

Harufu imewafaa wakulima wetu zaidi dhidi ya viwavijeshi. Nondo jike huita dume usiku kwa feromoni, na mtego wenye chambo hicho hunasa madume. Mwaka 2001 wilayani Kilosa, jirani zetu wa Morogoro, vijiji vilianza kuwa na mtego wake, kipimo cha mvua, na mwanakijiji aliyefundishwa kuhesabu nondo. Madume wakiwa wengi na mvua ikinyesha, tahadhari hutolewa kwenye mkutano, msikitini, kanisani na shuleni. Utaratibu huo ulienea baadaye hadi wilaya nyingine na nchi za jirani. Faida yake ni muda. Nondo akitaga, mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na kiwavi mchanga ni wa kijani, haonekani kirahisi kwenye jani. Mkulima anayesubiri kuona jeshi jeusi likitembea atanunua mbegu mara ya pili.

Dodoma na Morogoro ni miongoni mwa maeneo ambako milipuko ya kwanza ya msimu huanzia, kabla nondo hawajachukuliwa na upepo kwenda kaskazini. Mtego wa kijiji basi utundikwe Novemba, kabla ya mvua, na uhesabiwe kila siku. Na kwa kuwa tangu mwaka 2017 tunaye pia kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi, muulize muuzaji chambo ni cha nondo yupi. Kila mmoja ana harufu yake, na kile cha vamizi hakitakuonya juu ya wale wa zamani.