Ngome ya Miti Penye Maporomoko ya Kongo

Msafiri aliyekwisha kuona Kilwa Kisiwani, au aliyesimama chini ya kuta za Ngome ya Yesu kule Mombasa, akifika Kisangani huuliza: Je, magofu ya mji wenu wa kale yako wapi? Nasi hatuna la kumwonyesha ila mto. Watu wa pwani walijenga kwa matumbawe na chokaa, na kuta zao zimeshindana na mvua kwa mamia ya miaka. Mji wa kwanza hapa ulijengwa kwa magogo, udongo na nyasi, vitu ambavyo mchwa huvila, na vilivyomshinda mchwa huteketezwa na moto. Hata hivyo ulikuwa mji wenye boma, bandari na mizinga.

Kwa nini hapa? Mto wenyewe ndio uliochagua. Meli itokayo Kinshasa hupanda zaidi ya kilomita 1,700, kisha njia hukatika ghafula. Kutoka hapa hadi Ubundu yako maporomoko saba, na kila mzigo sharti ushushwe nchi kavu. Kabla hajafika mgeni yeyote, Wagenia, wavuvi hodari, walikuwa mabwana wa maji haya. Jina Kisangani lenyewe maana yake ni mji wa kisiwani.

Stanley alipita mara ya kwanza mnamo Januari 1877. Alirudi mwaka 1883 akipanda mto kwa meli za moshi, na njiani aliwakuta watu wa biashara ya pembe wakiwa na mateka. Aliandika kwamba walikuwa 2,300 hivi, wanawake na watoto, na nyuma yao vijiji vilikuwa majivu. Mwezi Desemba akajenga kituo katika kisiwa cha Wana Rusari, akamwacha Mskoti mmoja, fundi wa mitambo, aitwaye Andrew Binnie, pamoja na askari wachache. Lakini Waarabu na Waungwana wa Tippu Tip nao walikuwa wakishuka kutoka Nyangwe, wakafanya makao yao papo hapo. Basi wakawa majirani wawili, kila mmoja akijiita mwenye mji.

Ujirani huo ulivunjika mwezi Agosti 1886. Mwanamke mmoja mtumwa alimtoroka bwana wake, akakimbilia kituoni. Mwenyewe akadai arudishiwe. Mkuu wa kituo, Mwingereza Walter Deane, akakataa. Wanaosimulia habari hii hutaja sana majina ya maofisa. Mwanamke huyo humwita mtumwa tu, na bado yeye ndiye aliyetambua kabla ya wote kwamba boma lile lingeweza kuwa kimbilio. Waarabu wakaja na bunduki. Watu wa kituo walipigana siku kadhaa, hata baruti ikaelekea kwisha na askari wengi wakaondoka kwa mitumbwi. Ndipo Deane na Luteni Dubois wakakitia kituo moto kwa mikono yao wenyewe, wakatoroka. Dubois alizama mtoni. Deane alijificha mwituni akilishwa na wenyeji, mpaka Kapteni Coquilhat alipomwokoa.

Sasa sikiliza ajabu. Tarehe 24 Februari 1887, huko Unguja, Stanley alitia sahihi mkataba kwa jina la Mfalme Leopold wa Pili, naye Tippu Tip akawa liwali wa mahali palepale palipochomwa, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kazi yake iwe nini? Kuzuia biashara ya watumwa! Yeye mwenyewe alirudi Unguja mwaka 1890, wala hakuiona Kongo tena mpaka kufa kwake mwaka 1905. Jamaa yake Rashid bin Mohammed alishika nafasi yake, na mwezi Mei 1893 akakishambulia kituo. Kapteni Tobback alishikilia boma mpaka Chaltin alipofika kwa meli na askari, na Rashid akakimbia.

Hivyo mateka wakafunguliwa? Wengi, ndiyo. Lakini serikali iliyovunja minyororo hiyo ililazimisha vijiji kuleta mpira na kubeba mizigo, na aliyechelewa alikiona kiboko. Mtoto wa shule asidhani kwamba mwaka 1893 ulimaliza mambo.

Katika ngome zile hakuna gogo lililobaki. Waungwana waliacha mashamba ya mpunga, nasi tunakula wali. Waliacha Kiswahili, nacho husikika sokoni pamoja na Kilingala. Kitu cha miti kilichosalia ni cha wale waliokuwapo kwanza. Wagenia bado husimika nguzo ndefu katikati ya maporomoko, wakazifunga kwa kamba za mwituni na kutundika magema yao makubwa ya kunasia samaki. Maji hung'oa nguzo, jua huzikausha, nazo huoza kama magogo ya Deane yalivyoweza kuoza. Lakini nguzo moja ikianguka, vijana huingia msituni kukata nyingine.