Wasikiliza Nini Siku Hizi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu masikio akasikia kabla hajajua kusema. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, wasomaji wetu watukufu, liko swali moja ambalo vijana huulizana kila wakutanapo, kama wazee wetu walivyokuwa wakiulizana habari za bahari na za mashamba. Swali lenyewe ni hili: "Wasikiliza nini siku hizi?" Mmoja huuliza, na mwenziwe hutoa simu mfukoni, akampa waya mmoja autie sikioni, na wa pili akautia yeye, wakakaa vichwa vimekaribiana, kila mmoja akimtazama mwenziwe usoni aone kama amependezwa.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, wanafunzi wetu walikuwa barazani wakingoja kuingia chuoni, nasi tulikuwa ndani tukipanga misahafu. Tukawasikia wakiulizana swali hilo. Mmoja alitaja wimbo mpya wa vijana, unaopigwa katika kila daladala. Wa pili akataja taarabu ya zamani aliyoizoea kwa bibi yake. Wa tatu akataja kasida ya Maulidi. Na mdogo wao kuliko wote, mtoto wa miaka tisa, akasema kuwa yeye humsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary.

Tulitoka tumekunja uso, tumekwisha tayarisha maneno ya kumkemea yule wa kwanza. Lakini kabla hatujafungua kinywa, mmoja wao akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Na wewe, Maalim, wasikiliza nini siku hizi?"

Tukajibu kwa kujivuna kidogo, Mwenyezi Mungu atusamehe: "Sisi twasikiliza Qurani tu. Hapa kwetu Sheikh Abdul Basit Abdus Samad husoma tangu asubuhi hata jioni, nanyi nyote mwamsikia."

Yule mdogo akainamisha kichwa, akasema: "Nisamehe, Maalim. Jana Sheikh alipokuwa akisoma, wewe ulikuwa ukibishana na muuza nazi juu ya bei."

Hatukuwa na jibu. Tuliwaambia waingie wafungue misahafu yao, na usiku ule usingizi ulikuja kwa shida. Kwani mtoto yule hakusema ila kweli. Katika Suratul Aaraf, aya ya 204, Mola wetu ametuamrisha kwamba isomwapo Qurani tuisikilize na tunyamaze, ili tupate kurehemewa. Basi amri ni mbili, kusikiliza na kunyamaza, nasi hatukutimiza hata moja. Tulikuwa tumeifanya sauti ya Sheikh yule kuwa kama upepo upitao dirishani.

Tukakumbuka habari ya Abdullah bin Masud, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Siku moja Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimtaka amsomee Qurani. Ibn Masud akastaajabu, vipi amsomee yeye, naye ndiye aliyeteremshiwa? Mtume akamjulisha kwamba apenda kuisikia kwa mtu mwingine. Basi akamsomea Suratun Nisaa hata akafika aya ya 41, itajayo siku ambayo kila umma utaletewa shahidi wake, na Mtume akamwambia imetosha. Ibn Masud alipomtazama, aliyaona macho yake yakibubujika machozi. Angalieni, ndugu zetu! Mbora wa viumbe, mwenye Qurani kifuani mwake, aliomba asomewe, akasikiliza, akalia. Nasi tunaifungulia redio, kisha twahesabu nazi.

Wala tusidhani kuwa sauti hizi zimetufikia bila ya jitihada za watu. Redio ya Taifa ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, sauti iliyoifungua ilikuwa ya Sheikh Muhammad Rifaat, msomaji aliyekuwa kipofu tangu utotoni mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 al-Husary akarikodiwa Qurani nzima, tangu Alhamdu hata Suratun Naas, kwa kisomo cha utulivu kinachoitwa murattal. Na mwaka 1964 Misri ikafungua idhaa maalumu ya Qurani Tukufu. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1970 tulizikuta kanda, ambazo mtu aliyetoka Hija au safari ya Uarabuni alikuwa akizileta kama hidaya. Kanda moja ilikuwa ikizunguka mtaa mzima, ikirudi kwa mwenyewe imechakaa. Leo mtoto anazo sauti zote hizo katika simu moja. Neema imeongezeka, usikivu ndio uliopungua.

Na faida ya usikivu tumeiona kwa macho yetu. Yule mtoto wa miaka tisa alipokuja chuoni kwetu hakuweza kutenganisha hee ya kifuani na haa ya kooni, kama walivyo watoto wengi wa kwetu. Tulimrudisha mara nyingi, wala hakupata. Kisha ghafula akapata. Tulijisifu kuwa ni kazi yetu, kumbe kila usiku alikuwa akimsikiliza al-Husary aya moja, akiifunga, akiisoma mwenyewe, kisha akiifungua tena apime. Al-Husary alifariki mwaka 1980, lakini amemsomesha mtoto wetu makhraji. Hiyo ndiyo elimu inayonufaisha baada ya kufa mwenyewe.

Pengine kijana atatuuliza: "Na nyimbo je?" Hili ni jambo ambalo wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani, wala si haki kumficha kijana hitilafu hiyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameliandikia mlango mzima katika Ihyaa. Ameona kwamba sauti nzuri kwa nafsi yake si haramu, bali huharamishwa na mambo yanayoingia ndani yake, na ameyataja matano: mwimbaji akiwa wa kuleta fitina, ala ikiwa ile iliyo ada ya walevi, maneno yakiwa machafu au ya uwongo, msikilizaji akiwa ametawaliwa na matamanio, na mtu akiufanya mchezo huo ndiyo kazi yake ya kila wakati. Wapo wengine, na wengi wa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamo, walioufunga mlango huo zaidi, hasa kwa ala za nyuzi na za kupuliza, wakaruhusu dufu. Kila mtu amwulize sheikh wake amwaminiye. Lakini yale maneno machafu hapana aliyeyahalalisha, na hapo hatuna la kuulizana.

Na hata wapenzi wa nyimbo wanalo jambo la kutufunza. Umm Kulthum wa Misri, ambaye nyimbo zake ziliigwa sana katika taarabu ya pwani yetu, alikuwa binti wa imamu wa kijijini. Alisoma chuo cha Qurani akiwa mdogo, na kazi yake aliianza kwa kasida pamoja na baba yake. Kwa miaka mingi aliimba katika redio kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika majira ya tafrija, na husimuliwa kuwa usiku huo njia za Kairo zilikuwa zikipungua watu, kila mmoja amekaa kimya penye redio. Sisi hatutaji habari hii ili watu wakimbilie nyimbo. Twaitaja ili tuone haya: ikiwa mwanadamu aweza kumnyamazia mwimbaji saa nzima na zaidi, vipi hatuwezi kumnyamazia Mola wake robo saa?

Basi tulirudi nyumbani tukamwita kijana wetu mkubwa, ambaye kwa muda wa mwaka mzima tulikuwa tukimwona na nyaya masikioni, nasi hatukumwuliza lolote ila kumgombeza. Safari hii tukaketi naye mkekani, tukamwambia: "Mwanangu, wasikiliza nini siku hizi? Nipe nami nisikie." Alishangaa, kisha akatupa waya mmoja. Haukupita muda akauzima mwenyewe, akasema: "Huu haukufai wewe, Baba." Tukamwuliza kwa upole: "Nawe wakufaa?" Akanyamaza, wala hatukuongeza neno. Baada ya kitambo akatupa mwingine, wimbo wa mtu masikini anayejiusia kusubiri na kufanya kazi ya halali. Huo tulisikiliza hata mwisho, tukamwambia kweli kuwa maneno yake ni mema. Hatukuwa tumezungumza naye hivyo kwa muda mrefu.

Enyi wazazi wenzetu, tumejifunza hapo kwamba kijana anayo mizani ndani ya nafsi yake. Mizani hiyo haivutwi kwa fimbo. Hutoka yenyewe mzazi aketipo karibu. Ukimnyang'anya simu asubuhi, jioni ataazima ya mwenziwe. Lakini akijua kuwa baba au mama huenda akaomba kusikia, atachagua kabla hajaombwa.

Nanyi vijana wetu, kumbukeni kwamba kumpa mwenzio kitu cha kusikiliza si mchezo mtupu. Mtume wetu ametufunza, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema hupata ujira wake na ujira wa kila aliyeufuata, na mwenye kuanzisha mwendo mbaya hubeba mzigo wake na mizigo ya wenye kumfuata. Ukiupeleka wimbo mchafu katika simu za watu arubaini, hujui utapigwa mara ngapi wewe ukiwa umelala. Na ukipeleka kisomo kizuri, hujui ni mtoto gani atakayetengeneza haa yake kwa sababu yako. Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumeonywa kuwa masikio, na macho, na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Swali mnaloulizana barazani ndilo mtakaloulizwa huko.

Tangu siku hizo, nyumbani kwetu tumeweka robo saa baada ya sala ya Isha. Mmoja wetu huchagua kisomo, leo baba, kesho mama, keshokutwa mtoto. Simu zote huwekwa chini, hapana anayekwenda jikoni, na kisomo kikimalizika kila mtu hutaja neno moja aliloshika. Si siku zote tunafaulu. Mara hupigwa hodi, mara mtoto husinzia. Na chuoni, muuza nazi ajapo, twaifunga sauti ya Sheikh kwanza, ndipo tukapatana bei.

Juzi yule mdogo alituuliza tena: "Maalim, wasikiliza nini siku hizi?" Tukamjibu: "Suratu Maryam, mwanangu. Tumefika nusu." Akacheka, akaingia darasani.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Amin.