USIUZE KALAMU YA ZAMANI KABLA HUJAISOMA NIBU YAKE

Leo nawalenga wale mnaouza vitu vya zamani mtandaoni: saa, redio, kamera, na hizi kalamu za wino walizoacha wazee waliokuwa makarani na walimu. Wengi tunapiga picha mwili wa kalamu, tunaandika "kalamu original ya zamani, njoo inboksi", basi. Mnunuzi anayejua yeye haangalii mwili. Anauliza kitu kimoja tu: nibu ikoje?

Nibu ndo ile ncha ya chuma inayoandika. Usipoijua, utauza kwa hasara, au utauza uongo bila kukusudia na mteja harudi tena. Twende kazi.

1. SOMA MAANDISHI KWANZA

Safisha nibu kwa maji ya kawaida, siyo ya moto, na usitumie spiriti. Maji ya moto hufubaza mpira mgumu wa kalamu za kale, na spiriti inaweza kuharibu baadhi ya plastiki za zamani. Kisha chukua lenzi, au kuza kwa kamera ya simu.

Ukiona 14K, 14C au 585, hiyo ni dhahabu, yaani sehemu 585 kwa kila 1000. Ukiona 18K au 750, dhahabu yake ni nyingi zaidi. Rangi ya njano peke yake siyo ushahidi, maana chuma nacho hupakwa dhahabu juu. Sumaku ikiinasa nibu, siyo dhahabu. Isipoinasa usishangilie bado, kuna chuma kisichoshika kutu ambacho nacho hakinaswi.

"Warranted 14K" bila jina la kampuni ni dhahabu, lakini mara nyingi ni nibu ya kalamu ya bei nafuu au ya kubadilishia. Ukiikuta kwenye kalamu ya jina kubwa, mwambie mteja kwamba huenda nibu imebadilishwa. "Iridium Point Germany" kwa kawaida ni nibu ya chuma ya miaka ya karibuni. Usiiite ya kale.

Waterman za zamani zina namba kama 2 au 5 kwenye nibu. Hiyo ni saizi ya nibu, haihusiani na karati.

2. TAZAMA UMBO

Nibu ya wazi ndo tuliyoizoea: inaonekana yote, ina mpasuo katikati na meno mawili.

Nibu iliyofunikwa inaonyesha ncha kidogo tu. Maarufu ni Parker 51, iliyotoka 1941. Hapa kuwa makini, kwa sababu Parker 21 inafanana nayo sana, ila ilikuwa ya bei nafuu na nibu yake ni ya aloi iitwayo Octanium. Parker 51 nyingi zina dhahabu, lakini toleo la Special lina Octanium pia. Usiifungue kwa koleo ili uhakikishe! Andika tu: "nibu imefunikwa, sijaifungua."

Nibu iliyozunguka kama koni ni ya Sheaffer, inaitwa Triumph, ya kuanzia 1942. Mwaka 1959 wakaleta nyingine iliyolazwa ndani ya mwili wa kalamu, kwenye modeli ya PFM. Sheaffer nyeupe usiikimbilie kuiita chuma, baadhi ni mchanganyiko wa paladiamu na fedha.

Esterbrook ya Marekani nibu yake inafunguka kwa kuzungushwa kama skrubu, na ina namba nne. Zinazoanza na 9 zina kipunje cha metali ngumu kwenye ncha. Zinazoanza na 1 au 2 ncha ni chuma chenyewe, huisha mapema. Namba hiyo iandike kwenye tangazo, wanunuzi wanaitafuta.

3. TAZAMA NCHA

Ncha ya duara inaandika mstari sawa kila upande. Ncha bapa iliyokatwa wima inatoa mstari mnene ukishuka na mwembamba ukienda pembeni. Ncha ya mshazari imekatwa kwa pembe, na Wajerumani huiwekea herufi O, mfano OM au OB. EF, F, M na B ni unene, kuanzia nyembamba sana hadi nene. F ya Kijapani huwa nyembamba kuliko F ya Ulaya.

Halafu kuna nibu laini, ambayo meno yanatanuka ukikandamiza kidogo. Hizi zinatafutwa na watu wa hati za mapambo. Usiipime kwa nguvu, meno yakishapinda thamani imeondoka. Andika jina lako kwa mkono mwepesi, piga video fupi, mteja ajionee.

4. SEMA KASORO

Angalia nyufa ndogo kuanzia kwenye tundu la nibu, meno yaliyopishana, na kama kile kipunje cha ncha bado kipo. Nibu ya dhahabu isiyo na kipunje haiandiki vizuri, hata kama inang'aa.

5. USIKIMBILIE KWA SONARA

Hili ndo linaniuma zaidi. Kuna watu wanang'oa nibu ya 14K wakauze dhahabu. Nibu nyingi hazifiki hata gramu moja, na hiyo gramu siyo dhahabu tupu. Unapata hela ya vocha, na kalamu uliyobaki nayo haiandiki. Kalamu nzima yenye nibu yake ya asili mara nyingi ina thamani kuliko hicho kipande.

Tangazo lako liwe hivi:
"Kalamu ya wino, jina na modeli. Nibu: imeandikwa 14K, ya wazi, ncha ya duara, nyembamba. Haina ufa, kipunje kipo. Wino: nimejaribu kwa kuchovya tu. Picha ya nibu juu, chini na ubavuni."

Mstari huo wa kuchovya ni muhimu. Nibu inaweza kuwa nzima huku mpira wa wino ndani umeoza. Mwambie mteja ulichopima na ambacho hukupima, asije kukudai hela irudi.

Kama una kalamu kabatini, piga picha ya nibu kwa karibu uiweke hapo chini kwenye komenti, tusaidiane kuisoma kabla hujaipangia bei.