Adabu za Kujisafisha na Kujipamba Ndani ya Vyombo vya Usafiri

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Fiqhi ya safari inapofundishwa misikitini, aghalabu hutajwa mambo matatu: kufupisha Swala, kukusanya Swala mbili kwa wakati mmoja, na ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Hayo ni haki ya Allah juu ya msafiri. Ipo pia haki ya msafiri juu ya msafiri mwenzake, nayo haizungumzwi sana.

Chukua mfano wa mtu anayeishi Nangara, moja ya kata za mji wa Babati. Akienda Arusha ana safari ya kilomita zipatazo 170. Akienda Dodoma kwa njia ya Bonga na Kondoa atapita barabara ya lami ya kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Saa zote hizo atakaa bega kwa bega na mtu asiyemjua, pengine si wa dini yake wala si wa kabila lake. Ndani ya basi huyu anakata kucha, yule anachana nywele, mwingine anapiga mswaki na kutema dirishani, wa nne anajipulizia manukato hadi siti ya nyuma wanakohoa. Kila mmoja akiulizwa atajibu kuwa usafi ni katika imani. Je, usafi unaomkera jirani ni usafi ulioamrishwa? Hilo ndilo tutakaloliangalia, tukifuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.), yenye wafuasi wengi katika Afrika Mashariki.

JIRANI WA SITI MOJA

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah (s.w.t.) ameamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, masikini na majirani. Kisha akamtaja mtu anayeitwa "as-sahibu bil-janbi", yaani sahibu aliye ubavuni. Wafasiri wametofautiana juu yake. Imepokewa kutoka kwa Ali na Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa ni mke. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), na wanafunzi wake kama Mujahid na Said bin Jubayr, kuwa ni mwenza wa safari. Zamakhshari katika tafsiri yake ameipanua maana hiyo hata ikamwingiza mwenza katika masomo, mwenza katika kazi, na mtu aliyekaa kando yako katika kikao au msikitini.

Kwa tafsiri hizi, abiria aliyekaa nawe siti moja kutoka stendi ya Babati anayo haki iliyotajwa ndani ya Qur'ani, hata kama hamtaonana tena baada ya kushuka. Aya haikushurutisha kuwa sahibu huyo awe Muislamu. Katika mji kama Babati, ambamo Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na wengineo huchanganyika katika kila gari, jambo hili lina uzito. Huenda huyo aliye kando yako hajawahi kusoma lolote kuhusu Uislamu, na yote atakayoyajua leo ni yale atakayoyaona kwako.

KUJITENGENEZA KABLA YA KUKUSANYIKA

Imamu Malik amepokea katika Muwatta, kwa njia ya Ata bin Yasar, kwamba mtu mmoja aliingia msikitini akiwa na nywele na ndevu zilizotimka. Mtume (s.a.w.) akamwashiria kwa mkono kwamba atoke akazitengeneze. Yule bwana akatoka, akazitengeneza, kisha akarejea. Hadithi hii ni mursali, kwa kuwa Ata ni Tabiina na hakumtaja Swahaba. Hata hivyo maana yake inatiwa nguvu na riwaya ya Jabir (r.a.) kwa Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu mwenye nywele zilizotimka akauliza kama hakupata kitu cha kuzituliza.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza, kujipamba kuliamrishwa, si kudharauliwa. La pili, yule bwana aliambiwa atoke. Hakuambiwa akae pale pale katikati ya watu aanze kuchana. Kujitengeneza kuna mahali pake, nako ni kabla ya kuingia katika mkusanyiko.

Wazee wetu wa pwani waliielewa adabu hii. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alieleza kuwa watu wake walitembea pekupeku, na aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu yake mlangoni, kisha akaifuta juu ya mkeka mnene uliowekwa hapo. Uchafu wa njiani uliishia mlangoni.

Mfano ulio karibu zaidi na basi lililojaa ni asili ya josho la Ijumaa. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani kwao na vijiji vya pembezoni mwa Madina, wamejaa vumbi na jasho, harufu ikiwatoka. Mtume (s.a.w.) akapendekeza wajitwaharishe kwa ajili ya siku yao hiyo. Katika riwaya ya Ibn Abbas (r.a.) kwa Abu Daud imeongezwa kuwa walivaa sufi, walifanya kazi za kubeba kwa migongo yao, msikiti ulikuwa finyu na dari yake fupi, na siku ilikuwa ya joto, hata wakaudhiana kwa harufu. Jumhuri ya wanazuoni wamesema josho hilo ni suna iliyotiliwa mkazo, na Ibn Hazm akasema ni wajibu. Wote wanakubaliana kwamba sababu iliyotajwa katika riwaya hizi ni maudhi ya watu kwa watu katika mahali finyu.

HUKUMU YA KILA KITENDO

1. Mswaki. Kupiga mswaki ni suna wakati wote. Je, hufanywa mbele ya watu? Abu Musa (r.a.) amesimulia kuwa aliingia kwa Mtume (s.a.w.) akamkuta anapiga mswaki, ncha yake ikiwa juu ya ulimi. Nasai ameiweka Hadithi hii chini ya mlango unaouliza kama imamu hupiga mswaki mbele ya raia zake. Baadhi ya wanazuoni wa Kimaliki walichukia mswaki msikitini na katika mikusanyiko, kwa kuwa ni kuondoa uchafu. Lililo karibu na usawa ni kwamba mswaki wa mti, mkavu, bila ya kutema, hauna ubaya ndani ya gari. Ama mswaki wa dawa wenye povu unahitaji kutema, na kutema ndiko kwenye tatizo.

Mate ni twahara, lakini utwahara wa kitu haumpi mtu ruhusa ya kumrushia mwenzake. Anayetema dirishani gari likiwa katika mwendo humrudishia mate abiria wa siti ya nyuma, au humtemea mwendesha bodaboda. Mtume (s.a.w.) amehesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi la imani. Basi mwenye kukiweka chenye kuudhi njiani amefanya kinyume chake.

2. Kucha na nywele. Kukata kucha, kupunguza masharubu na kuondoa nywele za kwapa ni katika suna za maumbile. Anas (r.a.) amesimulia katika Muslim kwamba waliwekewa muda wa kutozidisha siku 40. Sheria iliyotoa nafasi ya siku 40 haikumlazimisha mtu kukata kucha kati ya Babati na Magugu. Isitoshe, wanazuoni wa Kishafi wamependekeza kucha na nywele zilizokatwa zizikwe, kwa heshima ya mwili wa binadamu, na hilo haliwezekani zikiwa zimetawanyika chini ya siti.

Huenda mtu akauliza: ukucha au unywele wa mwenzangu ukiangukia nguo yangu, je, Swala yangu inasihi? Inasihi. Kauli sahihi katika madhehebu ni kuwa sehemu ya mwili wa binadamu ni twahara hata ikitengana naye. Hakuna haja ya kufua nguo, bali kuna haja ya aliyekata kuacha.

Kuchana nywele ni jepesi zaidi. Kutuliza nywele kwa mkono au kuchana kidogo kabla ya kushuka ni mubaha. Kufumua, kupaka mafuta na kusuka, hata nywele zikamwangukia jirani au chakula chake, kunaingia katika maudhi.

3. Sitara. Jambo likihitaji kufunua kisichopasa kufunuliwa, hukumu inatoka katika adabu na kuingia katika haramu. Dada anayevua ushungi ili atengeneze nywele ndani ya gari lenye wanaume wasio maharimu wake hana udhuru kwa sababu tu gari lina giza au abiria wamelala. Na kaka anayevua shati ili ajipanguse jasho, hata kama uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, ameacha haya mbele ya akina mama aliokaa nao, na haya ni katika imani.

4. Manukato. Manukato ni suna kwa mwanamume, na Mtume (s.a.w.) hakuwa akiyakataa alipopewa. Lakini wakati wa kujitia ni nyumbani. Ndani ya gari lililofungwa madirisha, mpulizo mmoja huingia katika mapafu ya wote, akiwamo mwenye pumu na mjamzito mwenye kichefuchefu. Kanuni inayotokana na Hadithi ya Ibn Majah ni kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara, na kuondoa madhara hutangulizwa kuliko kupata starehe. Kwa mwanamke, yapo makatazo mahsusi ya kutoka akiwa amejitia manukato ili watu wasikie harufu yake. Makatazo hayo hayamzuii kuondoa harufu ya jasho kwa maji na sabuni. Wapo wanaochanganya mambo hayo mawili wakawatia dada zetu katika uzito usio na msingi.

5. Kitunguu kibichi na kitunguu saumu. Mtume (s.a.w.) amemtaka aliyekula vitu hivi ajiepushe na msikiti. Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim ametaja kuwa wanazuoni wameingiza humo viwanja vya Idi, maziko, vikao vya elimu na karamu, lakini masoko hayaingii. Je, basi ni kama kikao au ni kama soko? Linafanana na soko kwa kuwa ni mahali pa haja za dunia, na kumzuia mtu kusafiri ni kumtia dhiki. Linafanana na kikao kwa kuwa aliyemo hawezi kuhama kama ahamavyo mtu sokoni. Kwa maoni yetu, aliyekula kachumbari hakatazwi kupanda gari, bali anatakiwa apunguze maudhi: asukutue, apige mswaki, na asimwelekezee jirani mdomo wake. Na kilichopikwa hakina tatizo.

SAFARI ZA USIKU

Tangu mwaka 2023 mabasi Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi. Kwa hiyo wengi hukutwa na alfajiri wakiwa njiani. Hapa kujisafisha si pambo, ni sharti la Swala. Njia bora ni abiria kumwomba konda mapema, kwa upole, gari lisimame wakati wa kuchimba dawa ukikaribiana na wakati wa Swala, ili watu wajisaidie, wasukutue, watawadhe na kuswali chini. Anas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kama nusu lita au zaidi kidogo. Chupa moja ya maji yatosha. Gari lisiposimama na wakati ukakaribia kutoka, ataswali kwa hali aliyonayo kwa kuuheshimu wakati, kisha ataikidhi kama walivyosema Mashafi. Asitawadhe sitini akamlowesha aliyelala kando yake.

KUNASIHI BILA YA KUDHALILISHA

Tumewasema wanaojisafisha vibaya, sasa tuwageukie wanaowacheka wasiojisafisha. Mkulima aliyetoka katika majaruba ya mpunga Magugu, mvuvi wa Ziwa Babati, kibarua aliyeshinda akibeba mizigo, wote watapanda gari wakiwa na jasho. Turejee katika Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.). Watu wale walikuwa wakijifanyia kazi zao wenyewe, na jasho lao lilikuwa jasho la halali. Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza wala hakuwataja kwa majina. Alizungumza na wote kwa maneno ya upole, na suna ikabaki mpaka leo.

Basi anayeziba pua kwa mbwembwe, au anayemhama mwenzake huku akisonya, amefanya maudhi makubwa kuliko ya jasho, maana harufu huondoka kwa maji lakini moyo uliovunjika hauoshwi kwa sabuni. Afungue dirisha, na asubiri. Akiona lazima aseme, aseme kwa siri: "Ndugu yangu, samahani, nisaidie jambo hili." Naye anayeambiwa asione kuwa ametukanwa.

HITIMISHO

Maimamu wetu wa Babati na kwingineko wanaweza kulifundisha jambo hili kwa maneno machache. Yaliyo suna kuyafanya yafanywe nyumbani kabla ya kutoka. Yasiyo na maudhi, kama mswaki mkavu na kutuliza nywele, hayana ubaya garini. Yenye maudhi, kama kutema, kukata kucha na kupuliza manukato, yaachwe mpaka mtu ashuke. Yenye kufunua uchi hayana ruhusa. Na mwenye kuudhiwa asubiri, anasihi kwa upole.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atujaalie tuwe wasafi wa miili na wa nyoyo, na atufikishe salama sisi na wenzetu wa safari. Wallahu aalam.